Timu ya Wanawake ya Kupiga Makasia ya Chuo Kikuu cha Yale: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yafuatayo yanahusu hatua kuu za ukuaji wa timu ya wanawake ya kupiga makasia ya Chuo Kikuu cha Yale, mjini New Haven, Marekani, tangu ilipokuwa klabu ya wanafunzi mwaka 1972. Yamepangwa kuanzia yale ya msingi hadi yale yanayoulizwa na wanaoufuatilia mchezo huu kwa karibu. Pale ambapo jibu limekwisha kutolewa mahali pengine, msomaji anaelekezwa huko.

## Mambo ya msingi

1. Mchezo wenyewe unachezwaje?

Mashua inayotajwa zaidi katika majibu haya ni ile ya watu 8. Kila mpiga makasia hushika kasia moja kwa mikono miwili, wanne wakivuta upande wa kulia na wanne upande wa kushoto, huku mtu wa tisa, yaani mshika usukani, akikaa nyuma na kuwatazama wenzake usoni. Wapiga makasia huupa mgongo upande wanakoelekea, kwa hiyo mshika usukani ndiye pekee anayeona mbele, na sauti yake ndiyo inayowaunganisha. Kiti huteleza juu ya reli ndogo ilhali viatu vimefungwa kwenye ubao, na ndiyo maana nguvu kubwa hutoka kwenye mapaja na mgongo kuliko mikononi. Mashua ya watu 8 ina urefu wa mita 17 hivi na, kwa kanuni za kimataifa, haipaswi kuwa na uzito chini ya kilo 96.

Mbio rasmi za masika, ambayo ndiyo majira ya mashindano makubwa ya vyuo, ni za mita 2,000. Haikuwa hivyo kwa wanawake tangu mwanzo (tazama swali la 9).

2. Je, Yale ndicho chuo cha kwanza cha Marekani kuwa na wanawake wapiga makasia?

La. Chuo cha wanawake cha Wellesley, jimboni Massachusetts, kilianzisha mchezo huu kwa wanafunzi wake katika Ziwa Waban mwaka 1875, karibu miaka 100 kabla ya Yale. Hata miongoni mwa vyuo vilivyokuwa vya wanaume watupu, Princeton kiliitangulia Yale kwa kuanza mwaka 1971. Ukihesabu vikombe vya taifa, vyuo vikuu vya Washington na Brown viko mbali mbele.

Yale inastahili kuelezwa kwa sababu nyingine. Ni vigumu kupata chuo kingine ambacho kisa chake kinaonyesha kwa uwazi namna hii jinsi sheria, majengo na medali vinavyofuatana, na kwa mpangilio upi. Mtu akisoma orodha ya vikombe pekee atadhani timu hukua kwa kushinda, ilhali hapa ushindi ulikuja ukizikuta huduma bado ziko nyuma.

3. Timu ilianza lini, na ilikuwa katika hali gani?

Wanaume wa Yale walianza kupiga makasia mwaka 1843, na mbio zao dhidi ya Harvard za mwaka 1852 katika Ziwa Winnipesaukee huhesabiwa kuwa shindano la kwanza la michezo baina ya vyuo nchini Marekani. Wanawake hawakuruhusiwa kusoma shahada ya kwanza Yale hadi mwaka 1969. Miaka mitatu tu baadaye, mwaka 1972, waliunda klabu ya kupiga makasia, na mwaka 1974 klabu hiyo ikapandishwa daraja kuwa timu rasmi ya chuo.

Tofauti kati ya klabu na timu rasmi si ya jina tu. Klabu ya wanafunzi hujitafutia fedha na vifaa, na aghalabu hutumia kile ambacho wengine hawakihitaji kwa saa hiyo. Timu rasmi ina kocha anayelipwa na chuo, ina fungu katika bajeti, ina ratiba ya mashindano, na wachezaji wake wanahesabiwa katika takwimu za idara ya michezo. Kwa hiyo tangu mwaka 1974 wanawake wa Yale walikuwa, kwa maandishi, sawa na wenzao wa kiume. Yaliyotokea miaka miwili baadaye yanaonyesha umbali uliokuwepo kati ya maandishi na hali halisi.

4. Title IX ni nini, na inahusiana vipi na makasia?

Title IX ni kifungu cha sheria ya elimu ya Marekani kilichotiwa saini na Rais Richard Nixon tarehe 23 Juni 1972. Kinapiga marufuku ubaguzi wa kijinsia katika programu yoyote ya elimu inayopokea fedha za serikali ya shirikisho. Hakitaji michezo hata mara moja. Kanuni zilizotolewa mwaka 1975 ndizo zilizofafanua kwamba michezo ya shule na vyuo imo ndani ya sheria hiyo, zikigusa vifaa, muda wa mazoezi, usafiri, vyumba vya kubadilishia nguo na mambo mengine ya namna hiyo.

Kanuni hizo zilivipa vyuo vikuu muda wa kujirekebisha hadi Julai 1978. Muda huo wa neema unaeleza kwa nini, mwaka 1976, msimamizi wa chuo angeweza kusema bila wasiwasi mwingi kwamba jambo linashughulikiwa.

## Machi 1976

5. Ni nini hasa kilichotokea tarehe 3 Machi 1976?

Wapiga makasia 19 wa Yale, wakiongozwa na nahodha wao Chris Ernst, waliingia katika ofisi ya mkurugenzi wa michezo ya wanawake wa chuo. Walikuwa pamoja na mwandishi mwanafunzi aliyekuwa akiliandikia gazeti la New York Times, na mpigapicha wa gazeti la wanafunzi. Wakavua sweta zao na kusimama uchi. Kila mmoja alikuwa ameandikwa maneno "Title IX" kifuani na mgongoni kwa rangi ya buluu, ambayo ndiyo rangi ya Yale.

Ernst akasoma tamko. Kwa ufupi, alisema kwamba hiyo ndiyo miili ambayo Yale inainyonya. Kwamba ni miili ya kawaida ya binadamu. Na kwamba siku kama hiyo mvua hugandia kwenye ngozi zao, kisha wanakaa kwenye basi nusu saa huku barafu ikiyeyuka na kuchanganyika na jasho lililokwisha kulowesha nguo zao. Walipomaliza, wakavaa na kuondoka. Habari ikatoka katika New York Times siku iliyofuata na kusambaa kwenye magazeti mengine.

Wapo wanaolikumbuka tukio hili kama kituko cha vijana. Ukilisoma tamko, kituko hukioni: ni malalamiko ya mahali pa kazi yaliyopangwa kwa mpangilio, na uchi wenyewe ulikuwa kielelezo cha hoja. Waliokuwa wamelalamika kwa njia za kawaida bila kusikilizwa walichagua njia ambayo isingeweza kuwekwa kwenye faili.

6. Kwa nini jambo lote lilihusu bafu?

Yale haipigi makasia New Haven mjini. Mazoezi hufanyika katika Mto Housatonic, mjini Derby, mwendo wa nusu saa hivi kwa basi. Banda la mashua la wakati huo, lililoitwa kwa jina la Robert Cooke, lilijengwa miaka ya 1920 kwa ajili ya wanaume, na bafu na vyumba vyote vya kubadilishia nguo vilikuwa vyao. Suluhisho la muda lilikuwa trela yenye bafu chache, ambalo halikukidhi haja.

Fikiria jioni ya Februari katika jimbo la Connecticut. Maji ya mtoni yanakaribia kuganda. Kila kasia linapoingia na kutoka hurusha matone yanayotua kwenye mgongo wa aliye nyuma, na mazoezi huchukua saa moja na nusu au zaidi. Wanawake wanarudi gatini, wanabeba mashua yao begani na kuiweka kwenye rafu, kisha wanapanda basi wakiwa wamelowa. Basi haliondoki. Linawasubiri wanaume waliomo ndani wakioga kwa maji ya moto. Baada ya hapo ndipo safari ya nusu saa inaanza. Mafua na homa za mapafu vilikuwa sehemu ya msimu.

Bafu, kwa hiyo, lilikuwa kipimo rahisi kuliko vyote. Mtu anaweza kubishana kuhusu bajeti au ubora wa kocha mpaka usiku. Bafu lipo au halipo.

7. Je, maandamano hayo yalizaa matunda?

Ndiyo, na kwa haraka kuliko ambavyo ofisi za chuo huenda kwa kawaida. Mwaka uliofuata banda la Cooke lilikuwa limeongezewa chumba cha wanawake cha kubadilishia nguo. Nje ya Yale, habari ile iliwapa watu wengi picha ya kwanza ya kile ambacho Title IX ingemaanisha katika maisha ya kila siku, kwa kuwa hadi hapo ilijadiliwa zaidi na wanasheria na wakurugenzi wa michezo.

Kuna jambo moja ambalo wasomaji hulifurahia. Chris Ernst baadaye alikuwa fundi bomba na kuendesha kampuni yake mwenyewe eneo la Boston.

8. Je, hii ndiyo kesi ya Title IX ya Yale inayotajwa kwenye vitabu vya sheria?

Hapana, na mambo haya mawili huchanganywa mara nyingi. Maandamano ya mwaka 1976 hayakufika mahakamani. Kesi inayotajwa ni Alexander dhidi ya Yale, iliyofunguliwa mwaka 1977 na wanafunzi wa kike wakidai kwamba unyanyasaji wa kingono unaofanywa na walimu ni ubaguzi unaokatazwa na sheria hiyo hiyo. Walalamikaji walishindwa kwenye rufaa mwaka 1980, lakini hoja yao ilikubalika, na vyuo vikaanza kuweka taratibu za kupokea malalamiko ya aina hiyo.

## Medali na mataji

9. Timu ilipata mafanikio gani ya kwanza ya kimataifa?

Mwaka 1976 ndio mwaka ambao mashindano ya wanawake ya kupiga makasia yaliingizwa kwenye Olimpiki, katika michezo ya Montreal, yakiwa ya mita 1,000, nusu ya umbali wa wanaume. Umbali wa wanawake ulipandishwa hadi mita 2,000 katikati ya miaka ya 1980, na Olimpiki ya Seoul mwaka 1988 ilikuwa ya kwanza kwa umbali huo.

Anne Warner, mmoja wa wale waliosimama ofisini mwezi Machi, alikuwa katika mashua ya Marekani ya watu 8 iliyopata medali ya shaba Montreal mwezi Julai, nyuma ya Ujerumani Mashariki na Umoja wa Kisovieti. Alikuwa pia katika mashua iliyopata fedha kwenye ubingwa wa dunia wa mwaka 1975 mjini Nottingham. Kwa maneno mengine, mwanamke mwenye medali ya dunia alikuwa akisubiri kwenye basi akiwa amelowa. Ernst mwenyewe alikuwa bingwa wa dunia mwaka 1986, katika mashua ya watu 2 ya uzito mwepesi, yaani kundi la wapiga makasia wasiozidi uzito uliowekwa. Ginny Gilder, ambaye alijifunza mchezo huu Yale na alikuwa mmoja wa wale 19, alipata medali ya fedha kwenye Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984.

Nyumbani, mashua ya Yale ya watu 8 ilitwaa ubingwa wa taifa wa vyuo mwaka 1979, miaka mitano baada ya timu kuwa rasmi.

10. Banda la sasa lilijengwa lini?

Banda la Gilder, lililochukua nafasi ya lile la Cooke, lilifunguliwa mwaka 2000 kando ya Mto Housatonic, na linatumiwa na timu za wanaume na za wanawake. Limepewa jina la familia ya Ginny Gilder aliyetajwa katika swali la 9, iliyotoa sehemu kubwa ya fedha za ujenzi. Binti aliyekosa mahali pa kuoga katika banda la zamani, jina la familia yake ndilo lililoandikwa kwenye banda jipya.

11. NCAA iliingiaje katika mchezo huu?

NCAA ni chama kinachosimamia michezo mingi ya vyuo nchini Marekani. Kwa miaka mingi hakikujihusisha na makasia kabisa. Ubingwa wa wanawake uliendeshwa na vyama vya mchezo wenyewe. Mwaka 1994 chama hicho kiliorodhesha michezo ya wanawake inayochipukia, makasia yakiwemo, na mwaka 1997 kikaandaa ubingwa wake wa kwanza wa kupiga makasia, ambao Washington iliutwaa.

Sababu ya kukua kwa makasia ya wanawake vyuoni ni ya kihesabu kuliko ya kimapenzi. Njia mojawapo ya kuonyesha kwamba chuo kinatii Title IX ni idadi ya wanamichezo wa kike kulingana na uwiano wa wanafunzi wa kike chuoni. Timu ya soka la Kimarekani huchukua wanaume zaidi ya 100, na haina mwenzake wa kike. Kupiga makasia, kwa upande mwingine, kunaweza kupokea wanawake 60 au zaidi katika timu moja, wakiwemo wasiowahi kushika kasia. Vyuo vikubwa vya serikali ambavyo havikuwa na historia yoyote ya mto vilianzisha timu ndani ya miaka michache. Ohio State na Texas ni miongoni mwa vile vilivyokuja kutwaa ubingwa. Hukumu ya rufaa ya mwaka 1996 dhidi ya Chuo Kikuu cha Brown, iliyohusu timu za wanawake zilizoondolewa fedha, iliongeza shinikizo.

Kinachofaa kuangaliwa ni kwamba wanaume hawakufuata njia hiyo. Mpaka leo NCAA haina ubingwa wa makasia wa wanaume. Mbio zao za taifa zinasimamiwa na chama kingine chenye umri mkubwa kuliko NCAA yenyewe.

12. Yale imewahi kushinda ubingwa wa NCAA?

Jibu linategemea unauliza ubingwa upi. Mashua ya kwanza ya Yale ya watu 8 ilishinda fainali yake ya NCAA mwaka 2007, 2008 na 2010, chini ya kocha Will Porter. Ubingwa wa timu, hata hivyo, ulikwenda Brown mwaka 2007 na 2008, na Virginia mwaka 2010. Yale haijawahi kuutwaa.

Ubingwa wa timu hutokana na mashua tatu: ya kwanza ya watu 8, ya pili ya watu 8, na ya watu 4. Kwa utaratibu wa sasa wa daraja la kwanza, wenye timu 22, mashua ya kwanza ikishinda hupata pointi 66, ya pili 44, na ya watu 4 hupata 22, kisha pointi hupungua kwa kila nafasi kwa uwiano wa tatu, mbili na moja. Chuo chenye wanawake 8 bora kabisa nchini kinaweza basi kushindwa na chuo chenye wanawake 20 wazuri. Timu zikilingana pointi, mashua ya kwanza ndiyo inayoamua; hivyo ndivyo Texas ilivyotwaa ubingwa mwaka 2021 baada ya kulingana na Stanford na Washington. Washington ilikuwa ya kwanza kushinda fainali zote tatu kwa mwaka mmoja, mwaka 2017, na ikarudia mwaka 2019.

Kwa maoni ya mwandishi wa majibu haya, utaratibu huu ni wa haki, ingawa unawaumiza Yale. Unakilazimisha chuo kumjali mpiga makasia wa ishirini kama kinavyomjali wa kwanza.

13. Vyuo vipi vina mataji mengi zaidi ya NCAA?

Hadi mwaka 2025, Brown inaongoza kwa mataji 7, ikifuatiwa na Washington yenye 5 na California yenye 4. Ohio State, Texas na Stanford vina 3 kila kimoja, Virginia 2, na Harvard 1. Brown ilipata taji lake la mwisho mwaka 2011, na tangu hapo hakuna chuo cha Ivy League (ligi ya vyuo 8 vya kaskazini-mashariki mwa Marekani, Yale kikiwemo) kilichoshinda.

## Maswali ya pembeni

14. Je, Yale hutoa ufadhili kwa sababu ya makasia?

La. Vyuo vyote 8 vya Ivy League havitoi ufadhili wa michezo. Msaada hutolewa kwa kuangalia uwezo wa familia, na Yale huwachagua hata waombaji wa kigeni bila kuangalia kama wanaweza kulipa, kisha hufidia pengo lililothibitishwa. Vyuo vingi vya serikali na vingine vya binafsi hutoa ufadhili wa makasia, na hii ni sababu mojawapo ya hali iliyoelezwa katika swali la 13.

15. Msichana wa Afrika Mashariki ambaye hajawahi kupiga makasia anaweza kujiunga?

Katika vyuo vingi, ndiyo, maana kupokea wanafunzi wasio na uzoefu ni desturi ya zamani ya mchezo huu, ingawa timu za juu sasa husajili wengi waliokwisha kupiga makasia tangu sekondari. Makocha hutafuta urefu, mapafu yenye nguvu na uvumilivu, na waliocheza netiboli, mpira wa kikapu, riadha au kuogelea hupewa nafasi kwanza. Kujua kuogelea ni sharti.

Mfano wa karibu ni Kathleen Noble, aliyezaliwa na kukulia Uganda na kuwa muogeleaji wa nchi hiyo. Alijifunza kupiga makasia akiwa mwanafunzi Princeton, na kwenye Olimpiki ya Tokyo akawa mpiga makasia wa kwanza wa Uganda katika michezo hiyo. Hakuanzia kwenye mashua ya NCAA, bali katika kundi la uzito mwepesi (tazama swali la 16).

16. Kundi la uzito mwepesi liko wapi katika haya yote?

Liko nje ya NCAA. Vyuo vichache, Princeton na Harvard vikiwemo, vina timu za wanawake za uzito mwepesi, na ubingwa wao hufanyika pamoja na mbio za taifa za wanaume zilizotajwa katika swali la 11.

17. Kwa nini timu ya Harvard huitwa Radcliffe?

Radcliffe kilikuwa chuo cha wanawake kilichoshirikiana na Harvard. Wanawake waliokuwa wakipiga makasia huko hawakutaka kuacha jina lao vyuo vilipounganisha michezo, na mpaka sasa hushindana kama Radcliffe, kwa rangi nyeusi na nyeupe badala ya nyekundu iliyoiva ya Harvard. Taji la mwaka 2003 limeandikwa kwa jina la Harvard, ila makasia yaliyolileta yalikuwa meusi na meupe.